Kanda la Usufi

Walitukusanya kwenye maegesho ya magari, Digbeth,
mia tatu na kitu, mwezi wa sita, mvua ya rasharasha,
kila mtu akapewa namba ya mgongoni
na karne yake.

Mimi niliangukia ya kumi na tisa.
Sukhjit, dereva wa basi, asubuhi alikuwa ya kumi na nane,
mchana wakamhamishia kwetu
kwa kuwa wanawake wa viwandani hawakutosha.
Hivyo ndivyo alivyovuka miaka mia:
kwa miguu, sambusa mkononi.

Dakika kumi na mbili, alisema Bi Rhiannon juu ya ngazi,
saa ikimning'inia shingoni.
Dakika kumi na mbili kwa nchi nzima.
Mvuke, sekunde arobaini. Vita vyote viwili, dakika moja.
Waliokuja kwa meli kutoka visiwani, sekunde ishirini, pamoja na masanduku yao.
Sisi wafua minyororo, dakika na nusu,
kwa sababu sisi tuna ngoma.

Minyororo ilikuwa ya sponji.
Imepakwa rangi ya kutu, imepakwa vizuri hasa,
ukiikaribia unanusa chuma kisichokuwepo.
Kidole kimoja kinatosha kuibeba.
"Inameni," akasema. "Magoti yatetemeke. Ibebeni kama mizito."
Tukafundishwa uzito wiki nne,
Jumanne na Alhamisi, nikitoka zamu ya usiku wodini,
ambako uzito haufundishwi:
mzee Pargeter anageuzwa na watu wawili
na mgongo wako ndio unaosoma.

Msichana wa vipodozi alikuja na kopo la masizi.
Akampaka Sukhjit, akawapaka wale dada wa Dudley,
akanifikia mimi, brashi ikasita hewani.
"Kwako hayata—" akaanza, akaumeza ulimi,
kisha akanipaka mengi, mengi mno, kwa aibu.

Sikusema kitu. Nilikuwa nawaza kufuli.
Bibi yangu, Tabora, alikuwa na sanduku la mbao,
na kwenye sanduku kufuli, na kwenye kufuli maandishi,
nami kabla ya shule nilizifuata herufi kwa ukucha:
B, kisha I, kisha R, kisha ukucha ukateleza.
Nilishuka stesheni ya New Street miaka ishirini baadaye,
BIRMINGHAM, limetundikwa, kubwa kuliko mlango,
nikajiona nimeingia ndani ya kufuli.

Nikamwuliza Bi Rhiannon, mara moja tu, wakati wa chai:
hii minyororo, ikishafuliwa, ilikwenda wapi?
"Melini," akasema. "Ya nanga."
Yote?
Akatazama saa yake. Si mtu mbaya.
Alikuwa na dakika kumi na mbili.

Mzigo wa mwenzio, wahenga walisema, ni kanda la usufi.
Hawakusema ufanyeje mwenzio akiwa kafa zamani,
nawe umepewa usufi wenyewe
uubebe mbele ya dunia, uyumbe.

Usiku wenyewe uwanja ulinguruma.
Ngoma ya kwanza: inama. Ya pili: vuta.
Ya tatu: tupa, uhuru, cheka, cheza.
Mia tatu wakatupa.
Mimi wangu nikauweka chini
polepole, kama unavyomlaza mgonjwa asiamke,
pete moja, halafu pete nyingine.
Juu fataki zilishaanza kupasuka.

Nimeitazama mara nyingi kwenye simu.
Sukhjit anasema ndiyo, yule ni wewe, nukta ya kijivu,
mstari wa tatu, bado imeinama.
Sekunde tatu hivi. Kisha kamera inakwenda
kwa watoto wenye bendera.

Pete moja sikuirudisha.
Ipo jikoni, karibu na bomba.
Nilipoilowesha mara ya kwanza kutu yote ilitoka,
maji mekundu, yakachukua muda kwisha.
Nikainyanyua.
Ilikuwa nzito.